Uinjinia wa mazingira: hela ipo au tunajifariji?

Toleo hili maswali karibu yote yameangukia sehemu moja, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Pale mlipozunguka sana nimefupisha, mnisamehe, na majina nimeyatoa kama mlivyoomba.

SWALI: Shikamoo mshauri. Nimemaliza sekondari na nimepata nafasi mbili chuoni, moja uinjinia wa mazingira na nyingine uinjinia wa ujenzi, ile sivili. Moyo uko kwenye mazingira toka zamani ila kila ninayemuuliza anacheka, eti utaishia kupanda miti na kukusanya tisheti za semina. Mjomba naye anasema digrii ni digrii tu, chukua yoyote. Naomba unijibu kwa upande wa pesa, maneno ya kutia moyo nimeshapewa mengi. *— Njia Panda*

JIBU: Marahaba. Kwanza niseme umeuliza vizuri kuliko wengi, kwa sababu we unalinganisha vitu viwili ambavyo kweli unaweza kuvipata vyote. Watu wengi wanaoniandikia wanalinganisha digrii na kukaa nyumbani, sasa ukilinganisha na kukaa nyumbani hata kozi ya kupiga miluzi itaonekana inalipa. Digrii inapimwa na kile ambacho ungefanya kama hiyo digrii isingekuwepo, basi. Kwako wewe hicho kitu ni sivili, kwa hiyo tuanzie hapo na mjomba tumwache kidogo.

Wanaokucheka wanachanganya mambo. Hela ya uinjinia wa mazingira haitoki kwenye miti. Inatoka kwenye maji safi, maji taka, taka ngumu, moshi wa viwanda, na ardhi ambayo mtu alishaichafua na sasa analazimishwa aisafishe. Anayelipa ni mji, kiwanda, mgodi, au benki inayotaka kukopesha mradi. Na wengi wao, tuwe wakweli, hawalipi kwa mapenzi, wanalipa kwa sababu bila hiyo kazi leseni haitoki au mkopo hautoki.

Ngoja nikuonyeshe kwa mfano ili uone huyo injinia anauza nini hasa. Chukua kiwanda cha vinywaji kinachomwaga maji machafu mita za ujazo 500 kwa siku. Kuna kipimo kinaitwa BOD, yaani unachukua sampuli, unaichanganya na maji safi yenye oksijeni kwenye chupa ya mililita 300, unapima oksijeni, unaifunga isiingie hewa, unaiweka gizani kwenye nyuzi joto 20 kwa siku 5, kisha unapima tena. Oksijeni iliyoliwa na bakteria ndo inakwambia uchafu ni mwingi kiasi gani. Tuseme jibu limekuja miligramu 1,000 kwa lita. Zidisha kwa yale maji ya siku nzima unapata kilo 500 za uchafu kila siku, na kwa kuwa wahandisi huwa wanamkadiria mtu mmoja kwa gramu 60 hivi kwa siku, hicho kiwanda kimoja kinachafua kama mji wa watu zaidi ya 8,000. Sasa lazima pajengwe mtambo, na ndani ya huo mtambo kuna mashine za kusukuma hewa ili bakteria wapumue, na hizo mashine peke yake mara nyingi zinakula kama nusu ya umeme wote wa mtambo. Anakuja injinia anayejua kazi yake, anakuta oksijeni kwenye tanki iko miligramu 6 kwa lita wakati 2 zingetosha kabisa, bakteria hawaongezi bidii kwa sababu umewapa hewa ya ziada, ni umeme tu unaungua. Anafunga sensa, yaani kifaa cha kupima hiyo oksijeni, anaiunganisha na mashine ziwe zinajipunguza zenyewe, na mwezi unaofuata bili inashuka. Huyo mtu mshahara wake unajitetea wenyewe mbele ya bosi. Wa kupanda miti hana hiyo bili ya kuonyesha.

Haya, namba. Nachukua za Marekani kwa sababu ofisi yao ya takwimu za kazi inazitoa wazi kila mwaka na inatenganisha kazi moja moja. Usizisome kama mshahara utakaolipwa wewe, angalia mpangilio tu. Mei 2023 mshahara wa katikati wa injinia wa mazingira (wa katikati maana yake nusu wanapata zaidi ya hapo na nusu chini) ulikuwa dola 100,090 kwa mwaka. Injinia wa ujenzi dola 95,890. Injinia wa kemikali dola 112,100. Mwanasayansi wa mazingira, zingatia huyu, dola 78,980. Kwa hiyo hadithi ya "mazingira haina hela" kwa upande wa uinjinia haishiki, hawa wa mazingira na wa sivili wamekaa bega kwa bega. Anayebaki nyuma ni yule ambaye kwenye cheti hana neno uhandisi.

Ila usishangilie mapema. Mshahara ni upande mmoja, upande wa pili ni viti vingapi vipo. Hukohuko Marekani wahandisi wa ujenzi ni zaidi ya laki tatu, wa mazingira hawafiki elfu hamsini. Yaani ukikosa kazi ya mazingira huku, ya pili inaweza kuwa mbali sana, wakati wa sivili akikosa barabara anaenda majengo, akikosa majengo anaenda madaraja, na (hili ndo linaniuma kwa niaba ya watu wa mazingira) akitaka anaingia kwenye mabomba ya maji na maji taka na hakuna atakayemuuliza amefuata nini. Kinyume chake huwa hakikubaliki kirahisi. Injinia wa mazingira hapewi daraja asaini.

Kitu kingine ambacho hutakisoma kwenye vipeperushi vya chuo: soko lote hili linasimama juu ya sheria. Marekani ajira hizi zilifumuka baada ya sheria ya hewa ya 1970 na ile ya maji ya 1972. Ulaya walikuwa na agizo la maji taka la 1991, mwaka 2024 wakaliandika upya, sasa miji mikubwa italazimika kuondoa hadi mabaki ya dawa na vipodozi kwenye maji taka, na wenye viwanda vya hivyo vitu watabeba angalau asilimia 80 ya hiyo gharama ya ziada. Hapo unaona kabisa kazi za miaka mingi zimezaliwa kwa karatasi moja. Lakini karatasi inaweza pia kurudi nyuma. Aprili 2024 Marekani waliweka kikomo cha PFAS, zile kemikali za viwandani ambazo haziozi kirahisi, kwenye maji ya kunywa, nanogramu 4 kwa lita kwa zile mbili maarufu zaidi, makampuni ya kusafisha maji yakajiandaa kwa kazi. Mei 2025 haohao wakatangaza wanataka kusogeza muda wa kutekeleza hadi 2031 na kufuta vikomo vya baadhi ya nyingine. Mtu aliyepanga maisha yake kwenye hicho kipengele kimoja hapo amelala vibaya.

Kinachopunguza hiyo hatari ni benki. Tangu 2003 kuna kanuni za Ikweta ambazo mabenki makubwa yamejiwekea, na kuna viwango vya IFC (tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi) vya 2006 vilivyorekebishwa 2012, na hizo zinadai tathmini ya athari kwa mazingira na jamii hata pale ambapo sheria ya nchi imelala. Mradi unaotaka hela za nje unahitaji mtu wa hiyo kazi, apende asipende.

Sasa uamuzi. Mi ningefanya kitu kimoja kabla ya kujaza fomu, ningeomba mtaala wa hiyo kozi ya mazingira, orodha kamili ya masomo mwaka kwa mwaka, nikausoma kwa macho makavu. Kuna haidroliki? Kuna mekanika ya vimiminika, kemia ya maji, usanifu wa mitambo ya kusafisha maji, haidrolojia, na mradi wa mwisho ambao unachora na kukokotoa kitu? Na je bodi ya wahandisi inaitambua hiyo digrii, mhitimu wake anaweza kusajiliwa kama mhandisi? Kama majibu ni ndiyo, nenda mazingira kwa amani, kwa mshahara hujapoteza na moyo wako umeupata. Kama mtaala umejaa sera, uhamasishaji, usimamizi na "utangulizi wa" hiki na kile, chukua sivili na mwaka wa tatu ujipindishe kwenye maji. Utafika palepale ulipotaka, tena ukiwa na mlango wa pili. Mjomba mwambie hapana, digrii si digrii tu.

SWALI: Mshauri salaam. Binti yangu amechaguliwa hiyo kozi ya uhandisi wa mazingira, miaka minne. Hana ufadhili, itabidi tukope. Mama yake anasema elimu haipimwi kwa hesabu, mimi naona riba itatumaliza. Hesabu yenyewe inafanywaje? Nimejaribu naishia kujumlisha ada tu. *— Baba Mwenye Kalamu*

JIBU: Ada ndo kosa la kwanza la kila mzazi, mzee wangu, na si kosa la kudharau, maana ada ndo inayokuja na risiti. Kubwa zaidi haina risiti. Ni ile hela ambayo binti angeipata kama angekuwa anafanya kazi miaka hiyo minne.

Tufanye kwa mafungu ili kila mtu aweke fedha yake. Tuseme bila digrii binti angepata kazi ya mafungu 10 kwa mwaka. Ada na vitabu mafungu 4 kwa mwaka. Miaka minne: ada 16, mshahara uliokosekana 40, jumla 56. Chakula usikiweke, angekula hata nyumbani, weka tu ile tofauti ya kodi ya chumba kama anahamia mbali. Akimaliza anapata kazi ya 18, faida ya digrii si 18 mzee, ni 8, ile tofauti. 56 gawa kwa 8 ni miaka 7 ya kazi ndipo mmerudi mlipoanzia. Ukiongeza mwaka mmoja wa kusota mtaani akitafuta kazi, gharama inakuwa 66, miaka inakuwa 8 na miezi mitatu. Huo mwaka mmoja umewaongezea zaidi ya mwaka.

Angalia na hili. Hata angepata ufadhili wa ada yote, bado mnarudisha kwa miaka 5. Umeona? Ada nzima imefutwa na imepunguza miaka 2 tu. Ndo maana nasema watu wanagombana na ada wakati mnyama mwenyewe amekaa pembeni.

Geuza sasa. Kama ukweli ni kwamba pale mlipo binti asingepata kazi ya 10, angekuwa anabangaiza anapata 3, basi alichopoteza ni 12, jumlisha ada 16 inakuwa 28, na tofauti ya mshahara ni 15, inarudi ndani ya miaka miwili. Digrii ileile, chuo kilekile, jibu limebadilika kabisa kwa sababu chaguo la pili limebadilika. Hapo usijidanganye lakini kwa kumwekea hiyo 3 ya maisha yote, watu wanaobangaiza nao hupanda.

Riba sasa. Mkikopa mafungu 4 mwanzoni mwa kila mwaka, na riba ya asilimia 8 inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, siku ya mahafali mnadaiwa 19 na nusu badala ya 16. Ikiwa asilimia 15, mnadaiwa 23. Kwa hiyo swali la kuuliza pale dirishani kabla ya kusaini ni riba inaanza kutembea lini, wakati anasoma au baada ya kumaliza, na marejesho ni kiasi kilekile kila mwezi au yanafuata mshahara. Mkopo unaofuata mshahara ni rafiki kwa fani kama hii ambayo mwanzo wake ni wa polepole, maana wengi wanaanza kwa mikataba mifupi mifupi ya miradi. Mkopo wa benki wa kiasi kilekile kila mwezi, uwe na kazi usiwe nayo, huo mi ningeuogopa.

Jambo la mwisho kwenye hesabu, hela ya mbali si sawa na ya leo. Kwa kiwango cha asilimia 8, mafungu 100 utakayopata baada ya miaka 10 leo yana thamani ya 46. Kwa hiyo ile miaka 7 niliyokupa ni ya hesabu ya haraka haraka, ukiweka na hili inasogea mbele. Maisha ya kazi ni miaka thelathini na kitu, kwa hiyo bado inaweza kulipa vizuri tu, ila mtu asikuuzie digrii kwa kujumlisha mishahara ya maisha yote na kukupa namba moja nono.

Mama yake naye ana hoja, ila hoja yake haikatazi wewe kujua deni ni kiasi gani.

SWALI: Hivi nyie wa magazeti mtaacha lini kupima kila kitu kwa hela? Watu wengine tunataka kusafisha mito. *— Nimechoka*

JIBU: Mto unasafishwa na mtu aliyelipwa akabaki kazini miaka ishirini, dada au kaka yangu. Wanaoingia kwa moto wa moyo peke yake nimeona wengi wanahamia kuuza bima mwaka wa tatu.

SWALI: Mambo mshauri. Mi nimemaliza uinjinia wa mazingira, niko kampuni ya ushauri, kazi yangu ni kuandika ripoti za tathmini za athari, kukopi na kupesti kusema kweli, unabadilisha jina la mradi na ramani. Mshahara umesimama. Nafikiria niache kazi nikasome masta miaka miwili nirudi na nguvu. Wenzangu wawili wameshaenda. *— Mzee wa Ripoti*

JIBU: Poa. Hapo kwenye kukopi na kupesti nakushukuru kwa ukweli, wahariri wa ripoti wanajua na wakaguzi wanajua, tuendelee.

Tumia mafungu yaleyale ya baba hapo juu. Unapata 18, ukiacha miaka miwili umepoteza 36, weka ada 10, jumla 46. Masta ikikuongezea 4 kwa mwaka, na hiyo ni nyongeza ya maana, unarudisha kwa miaka 11 na nusu. Kama ni ya jioni na mwajiri analipa, hesabu inakuwa nyingine kabisa, hapo unatoa usingizi tu. Kwa hiyo sikwambii masta ni mbaya, nakwambia kuacha kazi ndo ghali.

Alafu jiulize kama tatizo lako ni elimu. Mi naona tatizo lako ni kwamba unauza ripoti, na ripoti ni sehemu ya bei rahisi kuliko zote kwenye hii fani kwa sababu kila mtu anaweza kuiandika, hadi yule mwanasayansi wa 78,980 tuliyemwona juu. Pesa inakaa kwa anayesanifu na anayesaini. Kusaini kunatoka kwenye usajili, si kwenye masta. Marekani kwa mfano njia ya kawaida ni mtihani wa misingi, kisha miaka 4 hivi ya kazi chini ya wahandisi wenye leseni, kisha mtihani wa pili, ndo unapata muhuri wako. Nchi nyingi zina kitu kinachofanana na hicho, jina tofauti tu. We umeshaanza kuhesabu hiyo miaka yako? Je kazi unayoifanya sasa inahesabika? Wengi wanagundua wamechelewa kwamba miaka ya kuandika ripoti bodi haiikubali yote kama uzoefu wa kihandisi, na hiyo ndo sababu nzuri kuliko zote ya wewe kuhama dawati hata ndani ya kampuni hiyohiyo.

Na wakati unangoja, zana zipo bure, programu za kompyuta nasema. EPANET ya mabomba ya maji na SWMM ya maji ya mvua zote zinatolewa na shirika la mazingira la Marekani bila malipo, HEC-RAS ya mito na mafuriko inatoka kwa wahandisi wa jeshi la Marekani, bure pia, ramani kuna QGIS. Chukua mtaa mmoja unaoujua, chora mtandao wake wa maji kwenye EPANET, tafuta wapi presha inaanguka saa za asubuhi watu wote wakiwa wanaoga, pendekeza bomba gani libadilishwe na kwa kipenyo gani. Peleka hiyo kwenye usaili badala ya orodha ya ripoti ulizoandika. Kompyuta ya ofisi ikiwa nzito fanya usiku.

Masta ningekushauri kwenye hali tatu: unataka kusanifu mitambo ya kusafisha na kazini hamna wa kukufundisha, unataka maji ya ardhini na modeli zake, au unataka kufundisha chuo. Kama unawaza kwenda nje, angalia kwanza kama digrii yako ya kwanza inatambulika chini ya mkataba wa Washington wa 1989, ule ambao nchi wanachama zinakubaliana kuheshimiana digrii za uhandisi. Ikiwa haimo, masta ya juu yake haitaiponya ile ya chini, bodi nyingi zinaangalia ya kwanza.

Wenzako wawili walioenda, waulize nani analipa.

SWALI: Nina digrii ya sayansi ya mazingira, naweza kuomba kazi za injinia wa mazingira? *— Haraka Haraka*

JIBU: Kuomba unaweza, kusaini michoro huwezi. Kuna kazi nyingi zinaitwa za injinia kwenye tangazo lakini ndani ni upimaji wa sampuli, usimamizi wa ISO 14001 (kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira) kiwandani, ufuatiliaji wa vibali, hizo ziombe bila aibu na zipo zinazolipa vizuri tu. Ukitaka kuvuka kabisa, uliza vyuo vinavyopokea watu wa sayansi kwenye masta ya uhandisi huku wakikurudisha kwenye hesabu na haidroliki za digrii ya kwanza, ila uliza na bodi kabla hujalipa, kwa maandishi, wakujibu kama hiyo njia wanaisajili.

SWALI: Mshauri mi swali langu ni la raha. Nimepata ofa tatu kwa mpigo, mamlaka ya maji, kampuni ya ushauri, na kiwanda cha nguo. Kiwanda kinatoa mshahara mkubwa kuliko wote, mamlaka ndo mdogo. Nichukue kipi? Ni mhitimu mpya. *— Mwenye Bahati*

JIBU: Hongera, na ukijua wenzako humu wanavyolia ungejificha kidogo.

Mshahara wa kwanza unadanganya, kwa hiyo tuache kwanza namba tuangalie kila sehemu inakufanya uwe nani baada ya miaka mitano. Kiwandani mara nyingi utakuwa wewe peke yako mtu wa mazingira, hakuna injinia wa fani yako juu yako wa kukufundisha wala wa kusaini uzoefu wako kwa ajili ya usajili, na siku mauzo yakishuka idara yako ndo ya kwanza kutazamwa kwa sababu haiuzi kitu. Upande mzuri, maji machafu ya viwanda vya nguo ni magumu, yana rangi, chumvi, joto, pH inaruka, na mtu aliyeyaweza hayo anaweza mengi. Kampuni ya ushauri utaona miradi mingi kwa muda mfupi, utafanya kazi hadi usiku, na unaweza kuishia kama huyo ndugu hapo juu wa kukopi na kupesti. Mamlaka ya maji mshahara ni mdogo lakini mara nyingi kuna pensheni, bima, na kazi haiondoki kwa sababu watu hawaachi kunywa maji. Kodi ya nyumba, usafiri, pensheni, bima, likizo, yote hayo yabadilishe yawe hela kwa mwaka uyajumlishe kwenye kila ofa kabla hujasema ipi kubwa, mara nyingi pengo linapungua na mara nyingine linageuka.

Mi kwa mhitimu mpya ningechukua pale ambapo kuna injinia aliyesajiliwa atakayekusimamia, hata kama ni mafungu mawili pungufu. Kiwanda wapigie simu uwaulize swali moja, nani atasaini kitabu changu cha uzoefu? Wakikupa jina la mtu, na huyo mtu yupo kweli na leseni yake iko hai, chukua kiwanda na ule mshahara. Wakianza kukwambia "tutaangalia huko mbele", we nenda mamlaka. Na ofa zote tatu zina tarehe ya mwisho ya kujibu, usizingoje zikaoza ukisubiri gazeti litoke.